Chai ya Rangi kwa Wiki Nne

Mwaka 1985, katika mji wa Odense nchini Denmark, madaktari walianza kuwafuatilia watoto 1,749 tangu kuzaliwa hadi kutimiza mwaka mmoja. Walitaka kujua ni wangapi watapata aleji ya maziwa ya ng'ombe. Wakapatikana 39. Tisa kati ya hao walikuwa wananyonya tu, na hao ndio waliowaumiza watafiti vichwa. Mtoto ambaye hajawahi kuonja maziwa ya ng'ombe ameanzaje kuyakataa? Ikabidi zifunguliwe kumbukumbu za wodi ya wazazi. Humo ilionekana kwamba wote tisa, katika siku tatu za mwanzo wa maisha yao, walishawahi kunyweshwa maziwa ya kopo palepale wodini.

Nimeanza na Odense kwa sababu mbili. Kwanza ni hesabu: tisa kati ya 1,749 ni kama mtoto mmoja kwa kila mia mbili. Tatizo lipo, ila ni la wachache, na anayesoma sura hii saa nane usiku huku mtoto analia begani ana nafasi kubwa ya kukuta kwamba wake si mmoja wao. Pili ni ile chupa ya siku ya kwanza. Watoto wengine wengi wa wodi ile walinyweshwa vilevile na hawakupata lolote, kwa hiyo siiiti sumu. Lakini kama mama ana maziwa na mtoto anashika ziwa vizuri, sioni kwa nini apewe chupa "ili mama apumzike". Liseme hilo mapema kwa atakayekusindikiza kujifungua, kwa sababu ukishatoka leba hutakuwa na nguvu za kubishana na mtu.

Sasa tuingie ndani. Maziwa ya ng'ombe anayokunywa mama hayana njia ya mkato kutoka kikombeni hadi kwenye titi. Yanasagwa tumboni kama chakula kingine chochote na protini zake zinakatwakatwa. Hata hivyo kiasi kidogo sana huponyoka kikiwa bado na umbo lake, kikaingia kwenye damu, na damu ndiyo inayolisha titi. Protini inayofuatiliwa zaidi na watafiti inaitwa beta-laktoglobulini. Mwili wa binadamu hauitengenezi kabisa, hivyo ikionekana kwenye maziwa ya mama, imetoka kwa mnyama. Hukutwa kwa takriban nusu ya akina mama wanaopimwa, tena kwa nanogramu, yaani sehemu za bilioni za gramu katika kila mililita. Watoto wanaonyonya kiasi hicho kila siku, karibu wote wananenepa tu. Huyu mmoja kati ya mia mbili, kinga ya mwili wake hukiona kama mvamizi, na vita hupiganwa kwenye utumbo au kwenye ngozi yake.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulichanganya na hili hadi wanapoteza hela. Mtu mzima anayejaa gesi na kukimbilia chooni kila akinywa maziwa mabichi au ya moto, shida yake kwa kawaida ni laktosi, ile sukari ya maziwa. Watu wazima wengi wa Afrika Mashariki wako hivyo. Jamii za wafugaji, Wamasai wakiwemo, wengi wao huendelea kuisaga sukari hiyo hadi uzeeni, na mwaka 2007 timu ya mwanasayansi Sarah Tishkoff ilionyesha kwamba mabadiliko ya vinasaba yaliyowapa uwezo huo watu wa Tanzania na Kenya yalizuka yenyewe huku kwetu, hayakutoka kwa Wazungu. Ni habari tamu, lakini haimhusu mtoto wako anayenyonya. Laktosi ya maziwa ya mama hutengenezwa ndani ya titi lenyewe, karibu gramu 7 kwa kila mililita 100, nyingi kuliko ya ng'ombe. Mama anywe maziwa asinywe, itakuwepo, na mtoto mchanga ameumbwa kuisaga. Kwa hiyo yale maziwa ya supamaketi yaliyoondolewa laktosi hayamsaidii mtoto mwenye aleji: sukari imetoka, protini zote zimebaki.

Nikiambiwa mtoto ana damu kwenye choo, naomba nepi. Maelezo ya mdomo hayatoshi. Damu ya aleji huwa kidogo, nyuzinyuzi au vidoa vyekundu vilivyochanganyika na ute, kwenye choo laini, na mara nyingi mtoto mwenyewe ni mchangamfu na anaongezeka uzito. Ikiwa choo ni kigumu na damu imepaka juu tu, huenda ni mpasuko mdogo sehemu ya haja. Choo kikiwa cheusi, au mtoto ametapika maziwa yenye damu, mtazame mama chuchu: ikiwa imechanika, mtoto anameza damu ya mama yake. Na hata ile nepi inayofanana kabisa na ya aleji inaweza kutudanganya. Watafiti wa Finland waliwachunguza watoto 40 waliokuwa wakitoa damu kwenye choo, wakachapisha matokeo mwaka 2006: waliothibitika kuwa na aleji ya maziwa ya ng'ombe walikuwa 7. Wengine waliobaki, wengi wao damu ilikatika yenyewe.

Zipo damu zisizosubiri mambo ya chakula. Damu na homa, hasa mtoto akiwa anaharisha, ni kuhara damu hadi ithibitike vingine. Mtoto anayelia kwa vipindi huku anakunja miguu, akinyamaza analegea, akianza tena anapiga kelele, anatapika kijani, kisha anatoa choo kama jeli nyekundu, huenda utumbo wake umeingiana. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo. Na mtoto anayevimba midomo au macho, kutoka mabaka ya kuvimba mwilini, kukohoa na kukoroma kifua ndani ya dakika chache au saa mbili baada ya kula kitu, ana aleji ya aina ya haraka. Kwa anayenyonya tu ni nadra. Huonekana zaidi anapoanzishiwa uji wa maziwa akiwa na miezi sita. Mambo ya kujaribu nyumbani ninayoyaeleza humu hayamhusu huyo.

Dalili nyingine zinazonifanya niwaze maziwa ni pumu ya ngozi inayoanza mapema na haisikii mafuta wala dawa ya kupaka, kutapika kwa wingi siku baada ya siku, kugoma ziwa huku ananyoosha mgongo, na mstari wa kadi ya kliniki unaolala badala ya kupanda. Dalili moja peke yake hunishawishi kidogo. Mbili au tatu kwa pamoja hunifanya nichukue kalamu.

Kulia, kwa upande wake, kunasingiziwa sana. Mtoto wa kawaida huongeza kulia wiki hadi wiki, hufika kileleni karibu na wiki ya sita, kisha hupunguza hadi miezi mitatu au minne. Nyumba nyingi wiki ya sita ndipo wageni wanapokwisha, mama mzazi amerudi kwake, na mke amebaki na mume asiyejua pa kushika. Majirani watasema mchango na kuleta mizizi, duka la dawa litauza chupa ya kutoa gesi, na siku hizi yupo atakayesema aleji. Kucheua nako hivyohivyo. Mtoto anayecheua baada ya kila kunyonya lakini anacheka na anapanda kwenye kadi ni kazi ya kufua tu. Choo cha kijani mara mojamoja si kitu.

Haraka hii ya kuita kila kilio aleji ina watu inaowanufaisha. Nchini Uingereza, maagizo ya maziwa maalumu ya kopo kwa watoto wenye aleji yaliongezeka kutoka takriban 105,000 mwaka 2006 hadi zaidi ya 600,000 mwaka 2016, bila ushahidi kwamba ugonjwa wenyewe umeongezeka kwa kasi hiyo. Jarida la kitabibu la BMJ liliandika habari hizo mwaka 2018, pamoja na ukaribu uliokuwepo kati ya watengenezaji wa maziwa na baadhi ya wataalamu walioandika miongozo. Kwetu makopo hayo ni adimu na bei yake inaweza kumaliza mshahara, kwa hiyo kwa mama anayenyonyesha hatari kubwa ni nyingine: kuambiwa aache kunyonyesha. "Maziwa yako mabaya, yanamdhuru mtoto." Nimesikia hilo likisemwa na mashangazi na nimelisikia kutoka kwa watu waliovaa makoti meupe. Kwa aleji ya maziwa ya ng'ombe karibu kila mara mtoto anaendelea kunyonya, na kinachobadilika ni sahani ya mama.

Inabadilikaje, na kwa muda gani? Hapo nina ushuhuda ninaoupenda kuliko wote katika jambo hili, nao umetoka Malmö, Sweden. Irene Jakobsson na Tor Lindberg walikuwa wameandika tangu mwaka 1978 kwamba kilio cha chango cha baadhi ya watoto wanaonyonya hukoma mama akiacha maziwa ya ng'ombe. Mwaka 1983 wakatoa matokeo ya akina mama 66. Wote 66 waliacha maziwa. Watoto 35 walitulia. Wengine wangefunga daftari hapo na kutangaza kwamba zaidi ya nusu ya watoto wale walikuwa na tatizo la maziwa. Wao wakawaambia akina mama wayanywe tena, na tena kwa mara ya pili. Kilio kilirudi kwa watoto 23. Waliobaki, 12, hawakujali mama amekunywa nini. Walikuwa wametulia kwa sababu wakati wao wa kutulia ulikuwa umefika.

Hao 12 ndio wanaonifanya niwe mkali. Kutoa maziwa ni nusu ya kipimo, na kuyarudisha ni nusu ya pili, ambayo karibu kila mtu huiruka. Mama ameacha maziwa wiki tatu, mtoto amepoa, nani anataka kuchokoza? Basi anakaa mwaka mzima bila maziwa, siagi wala mtindi, mtoto naye anakua akiitwa "mwenye aleji", anakatazwa keki shuleni, na huenda alikuwa mmoja wa wale 12.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi kuueleza. Mama anaacha vitu vyote vyenye maziwa ya ng'ombe, mbuzi na kondoo kwa wiki mbili hadi nne. Protini zenyewe hukoma kuonekana kwenye maziwa yake ndani ya siku chache. Muda unaobaki ni wa utumbo na ngozi ya mtoto kupona. Asitoe kitu kingine wakati huohuo. Nimeona akina mama walioacha maziwa, mayai, maharage, samaki, karanga na machungwa kwa mpigo mmoja, mtoto akapoa, na hakuna aliyejua kilichomponya; mama ndiye aliyekonda. Wiki nne zikipita bila mabadiliko yoyote, maziwa hayahusiki: rudi kwenye chai yako na umwone daktari atafute kwingine. Yakionekana mabadiliko, mama anakunywa maziwa tena kwa wiki moja, kama alivyozoea, na kuangalia. Dalili zikirudi anaacha, na zikipoa tena jibu limepatikana. Kama mtoto aliwahi kuvimba au kukoroma kifua, au alikuwa na hali mbaya sana mwanzoni, kurudisha kufanyike kwa usimamizi wa daktari.

Mwepesi kuueleza, nimesema. Kutekeleza kunategemea unaishi wapi na unakula kwa nani. Mzazi wa Kilimanjaro anatarajiwa ashibishwe: mtori wenye maziwa au samli, chai ya maziwa asubuhi na jioni, kitawa, uji ulionona. Huyo atakaa jikoni na mama mkwe wake na mazungumzo yatakwenda hivi:

"Mwanangu, mzazi hashindi na chai ya rangi kama yuko msibani."

"Mama, ni wiki nne tu. Daktari kasema tumwangalie mjukuu wako."

"Wiki nne! Na maziwa yatatoka wapi bila kunywa maziwa?"

Swali la bibi si la kijinga na linastahili jibu. Titi linatengeneza maziwa kwa kunyonywa. Mtoto akinyonya mara kwa mara, yanakuja. Ng'ombe mwenyewe anakula majani. Kinachohitajika ni mama ale ashibe na anywe maji ya kutosha, maana kunyonyesha kunakula takriban kalori 500 za ziada kila siku, na chai ya maziwa na mtori vilikuwa vinaleta sehemu kubwa ya hizo. Ukiviondoa bila kuweka kingine, mama atadhoofu. Kwa familia ya kifugaji ambayo maziwa ni nusu ya mlo, jambo hili ni zito zaidi, na singemruhusu mama wa huko aanze kabla ya kukaa na mtu wa lishe na kupanga atakula nini badala yake.

Pwani wana nafuu ambayo hawajui kuwa ni nafuu. Wali wa nazi, mbaazi, samaki wa kupaka, maandazi yaliyokandwa kwa tui, uji uliomiminiwa tui bubu: yote hayana tone la ng'ombe ndani yake, na mzazi anashiba. Mama wa bara anayetaka mtori wake unone aweke tui badala ya maziwa. Ladha inabadilika, sitadanganya, lakini mafuta yanapatikana. Mzazi wa Kikuyu aliyezoea njahi na uji wa wimbi hana sababu ya kuviacha, mradi uji usichanganywe maziwa. Uji wa pilipili manga unabaki. Supu inabaki. Na nyama ya ng'ombe? Ile, aghalabu, haina shida kwa mama; tunaloliacha ni maziwa.

Kalsiamu ndiyo inayohitaji kufikiriwa. Mama anayenyonyesha anahitaji kama miligramu 1,000 kwa siku, na kikombe kikubwa cha maziwa kilikuwa kinampa kama 300. Tui halina kalsiamu ya maana, kwa hiyo lisihesabiwe hapo. Dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao ndio jibu la kwanza, nao wanapatikana hata kwenye genge dogo. Ulezi una takriban miligramu 340 kwa kila gramu 100 za unga, ingawa si yote hufyonzwa. Ukiuchachusha kidogo kabla ya kupika, hufyonzwa vizuri zaidi. Ufuta usiokobolewa, ubuyu, sukuma wiki na kabichi vinasaidia. Mchicha ni mzuri kwa mengine, lakini kalsiamu yake imeshikwa na oksalati na mwili haupati nyingi. Nikiona sahani haiwezi kufika huko, nashauri vidonge vya kalsiamu na vitamini D badala ya kumpa mama hotuba. Ulaya wana wasiwasi wa madini joto, kwa kuwa wengi huyapata kwenye maziwa. Sisi chumvi yenye madini joto inatosha, ilimradi iwe ile ya pakiti iliyowekewa.

Kisha kuna maziwa yaliyojificha. Biriani: nyama imelala kwenye mtindi. Pilau ya shughuli huenda imekaangwa kwa samli. Mkate wa duka, biskuti, keki, soseji, majarini nyingine, kakao ya kukoroga, unga wa uji wa lishe wenye maziwa ya unga, chapati za mama ntilie anayejivunia ulaini wake. Pakiti nyingi zimeandikwa Kiingereza kwa herufi ndogo mno. Macho yatafute "milk", "whey" na neno lolote linaloanza na "casein". Kwa mama ntilie uliza. Atakujibu, na akijua ni kwa ajili ya mtoto kesho yake atakukandia zako pembeni. Sina subira na wanaomwambia mama anunue sufuria mpya na chujio lake la chai. Mabaki yaliyoganda kwenye kijiko, yakapita mwilini mwa mama kabla ya kumfikia mtoto, kwa watoto walio wengi si kitu.

Watu wa mjini watakwambia uhamie maziwa ya mbuzi kwa sababu ni mepesi. Protini za mbuzi na ng'ombe zinafanana kiasi kwamba zaidi ya tisa kati ya kumi ya wenye aleji ya ng'ombe hugongwa na ya mbuzi pia. Maziwa ya ngamia, wanayokunywa ndugu zetu wa kaskazini mwa Kenya na Somalia, hayana beta-laktoglobulini na wapo wanaoyavumilia, lakini yana protini nyingine, na sishauri mtu ajaribu mwenyewe. Maziwa ya soya yanawafaa akina mama wengi, isipokuwa kwamba watoto wachache wanaokataa ng'ombe hukataa na soya. Na wapo wanaodhani kuchemsha kunatosha, kwa kuwa kwetu maziwa huchemshwa hadi yafure. Kuchemsha kunaua vijidudu, na hilo liendelee. Kunaharibu pia sehemu ya protini, lakini kasini, ambayo ni karibu asilimia 80 ya protini zote za maziwa ya ng'ombe, inavumilia moto huo vizuri kabisa.

Baba ana kazi hapa na si ngumu. Siku ambazo mama anakunywa chai ya rangi, na yeye anywe. Si lazima kwa afya ya yeyote, ila mama aliyeamka mara nne usiku hapaswi kukaa mezani akitazama kikombe cha mwenzake kikitoa moshi na malai juu. Baba huyohuyo ndiye aandike daftari: tarehe, nepi ilikuwaje, ngozi, amelala kiasi gani. Mama mwenye usingizi hukumbuka vibaya, na bila daftari wiki ya kurudisha maziwa huishia kwenye ubishi, yeye akisema mtoto kabadilika na bibi akisema alikuwa hivyohivyo.

Ikithibitika, mama anaendelea bila maziwa, na mtoto akianza kula kwenye miezi sita vyakula vyake visiwe na maziwa pia. Vingine vyote apewe kwa wakati wake, mayai, samaki na karanga za kusaga zikiwemo, bila kuvichelewesha kwa hofu. Kuanzia miezi tisa hadi mwaka, na baada ya angalau miezi sita ya kuacha, huwa ni wakati wa kujaribu tena, safari hii kwa mtoto mwenyewe. Kwa wale ambao hawakuwahi kuwa na dalili za haraka, tunapanda ngazi. Ngazi ya chini ni biskuti iliyookwa ikiwa na maziwa kidogo, kipande cha ukubwa wa kucha ya kidole gumba kwanza. Joto la tanuri likikaa muda mrefu, na protini ikiwa imefungamana na ngano, inapoteza sehemu kubwa ya umbo ambalo mwili wa mtoto ulikuwa unalikumbuka. Ikipita siku kadhaa kwa amani, biskuti nzima, kisha keki, kisha chapati za maji zilizokorogwa kwa maziwa, ambazo zimepata moto mfupi, kisha mtindi, kijiko kwa kijiko, mwisho maziwa ya kikombe. Kila ngazi ichukue muda wake, na usipande mtoto akiwa na mafua, homa au chanjo ya jana, kwa kuwa hutajua kilichomsumbua.

Akitoka vipele vichache au choo kikarudi kuwa na ute, shuka ngazi moja, kaa hapo miezi kadhaa, halafu jaribu tena. Akivimba midomo au akaanza kutapika mfululizo, simama na uende hospitali. Ngazi zinazofuata zitapandwa kwa usimamizi wao. Walio wengi huwa wamefika kwenye kikombe kabla ya kuanza shule, na mama zao walisharudi kwenye chai ya maziwa zamani, siku mtoto alipomaliza ngazi ya tatu.